Dangdut na taarabu: kwa nini pigo lako linageuka chakacha, na usiku wa Java unavyokwenda

Swali: Msomaji wa Tanga, mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu ya kisasa, amenaswa na video za muziki wa dangdut kutoka kisiwa cha Java, Indonesia. Anauliza mambo matatu. Kwanza, nani kamwiga nani, maana tabla, filimbi na namna mwimbaji anavyoivuta sauti ni kama vya nyumbani? Pili, kila akiujaribu mdundo ule kwenye kinanda unamgeukia chakacha, anakosea wapi? Tatu, vijana wa mijini kule wanakwendaje na muziki huu usiku? Video moja inaonyesha harusi ya kijijini, nyingine disko, na yeye anafikiria kuandaa usiku wa dangdut ukumbini, tena amegusia kuzitia nyimbo hizo maneno ya Kiswahili.

Jibu: Nianze na la pili, kwa sababu lina dawa ya haraka, na sikio lako likishazoea pigo, hayo mengine utayaelewa kwa urahisi zaidi.

Jina dangdut ni mlio wa ngoma yenyewe. Kuna pigo la dang na kuna pigo la dut. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Dang inakaa kwenye nne, na dut inaangukia kwenye moja ya mzunguko unaofuata. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa kuwa jina linaanza na dang, mtu anadhani dang ndiyo moja, anaanzia hapo, na wimbo mzima unahama pigo moja. Besi inaingia pasipo pake, mwimbaji anasikika kama kachelewa, na lawama zote zinaangukia kinanda. Dang ni kama mtu anayevuta pumzi. Dut ndiyo mguu unaokanyaga chini. Ukicheza kwa mwili kidogo utaligundua hilo mwenyewe: uzito unashuka kwenye dut.

Sasa chakacha. Mkono wako umelelewa na mdundo ambao kila pigo kubwa linagawanyika mara tatu. Dangdut ni mapigo manne, na kila moja linagawanyika mara mbili, kisha nne. Ukisikia ngoma ndogo inatiririka, mkono unaisoma kwa mazoea yake, tatu tatu, na chakacha inazaliwa bila wewe kutaka. Dawa ni kuweka kipima mapigo cha kinanda kwenye mwendo wa 80 kwa dakika, ufunge kila sauti, upige makofi mawili sawasawa kwa kila mlio wake kwa dakika kadhaa. Kisha manne. Usiguse sauti ya ngoma mpaka makofi hayo yatoke bila kufikiri. Inachosha, lakini bila hatua hii utatengeneza chakacha iliyovaa nguo za Java.

Ngoma zenyewe ni mbili, ndogo kwa mkono wa kulia na kubwa kwa wa kushoto. Huitwa gendang, na wanamuziki wengi siku hizi husema ketipung. Zimechukua kazi ya tabla ya Kihindi na zimerithi hila yake kubwa: vidole vinaipiga ngozi ya ngoma kubwa, na papo hapo kisigino cha kiganja kinaisukuma ngozi ile, sauti ikapanda. Ndiyo maana dut haitoki "du" ya moja kwa moja. Inainuka mwishoni kama mtu anayeuliza swali. Sauti hiyo moja ndiyo inayomfanya Mjava aliye mbali na jukwaa ajue kuna dangdut inapigwa mahali, kabla hajasikia mwimbaji wala gitaa.

Kwenye kinanda fanya hivi. Chagua sauti ya tabla kubwa, au ngoma yoyote nzito isiyo na mwangwi. Kwenye mipangilio, ruhusu gurudumu la kupinda sauti lishuke nusu toni nne. Kabla ya kupiga, livute gurudumu chini. Piga noti, kisha uliachie. Kwa kuwa lina springi, linarudi lenyewe na sauti inapanda nalo. Kuachia kukichelewa, dut inakuwa mlio wa king'ora. Ukiachia kabla ya kupiga, hakuna kinachopanda. Muda wa kupanda ni mfupi sana, chini ya nusu ya pigo. Rekodi dut peke yake kwenye moja kwa mizunguko nane. Ongeza dang kwenye nne: ngoma zote mbili kwa pamoja, sauti wazi, isiyopinda. Halafu mbili na tatu zijaze kwa mapigo makavu ya ngoma ndogo, yawe laini kuliko dang na dut. Kosa la kawaida hapa ni kupiga kila kitu kwa nguvu moja. Mapigo ya katikati yakilingana na dut kwa ukubwa, mdundo unasimama wima, na hakuna kiuno kitakachosogea.

Ukumbini kuna mtego mwingine. Mafundi mitambo wetu wanapenda kujaza besi. Dut inaishi huko huko chini, jirani na gitaa la besi, na spika kubwa zikizidishiwa, ule mpando unazama na kubaki kishindo tu. Mwombe fundi apunguze besi kidogo pale dut inapokaa, na asiweke mwangwi wowote kwenye ngoma kubwa. Mwangwi mpeleke kwa mwimbaji na filimbi, kule hauna madhara.

Gitaa la besi hufuata ngoma kwa karibu: noti kwenye nne, noti kwenye moja, kisha linajaza nafasi kwa kupanda au kushuka ngazi. Filimbi ya mwanzi, wanayoiita suling, haipigwi juu ya mwimbaji. Inasubiri mstari uishe, inajibu, inanyamaza, sawa na fidla na kanuni zinavyomjibu mwimbaji kwenye taarabu asilia. Mpiga suling huja na mfuko wa filimbi kadhaa kwa sababu kila moja ina ufunguo wake. Wewe wa kinanda huna tabu hiyo, ila una tabu nyingine: noti za kinanda huanza safi mno. Suling huingia kwenye noti kwa kuikwaruza kutoka chini, na ndani ya noti ndefu kuna mitikisiko midogo. Mwimbaji naye hufanya hivyo hivyo. Mapambo hayo ya sauti wanayaita cengkok, na ndiyo wanayomhukumia mwimbaji kwanza. Mwenye koo zuri lisilo na cengkok hapiti. Waimbaji wenu wa taarabu wameshalelewa na kazi hiyo, kwa hiyo upande huu Tanga iko mbele ya wengi.

Na hapo ndipo linapoingia swali la nani kamwiga nani. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Hizi ni nyumba mbili zilizokunywa kwenye visima vilevile.

Kisima cha kwanza ni Hadhramaut, kule Yemen. Wahadhrami walihamia pwani yetu na walihamia Java na Sumatra, wakabeba udi na ndugu zake, mmojawapo qanbus. Kwetu jina hilo limebaki kwenye gabusi ya Zanzibar na Komoro, na Lamu kuna kibangala. Kule likabaki gambus, na makundi yake yakaitwa orkes gambus. Miaka ya 1930 pale Surabaya mpiga gambus Syech Albar, mwenye asili ya Kihadhrami, alikuwa akirekodi santuri. Mwanawe, Ahmad Albar, akawa mwimbaji maarufu wa roki, na mwaka 1979 akatoa "Zakia", ambayo ni dangdut. Ukitaka kuona historia ya muziki huu ndani ya familia moja, ndiyo hiyo.

Kisima cha pili ni India. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na baadaye Juma Bhalo wa Mombasa akawa bingwa wa kuvalisha tuni za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili. Upande wa pili wa bahari, miaka ya 1950, makundi ya orkes Melayu, yaani okestra za Kimalay zenye asili ya Sumatra, yalikuwa yakifanya kazi ileile: tuni ya sinema, maneno ya Kimalay. Ellya Khadam aliimba hivyo, na kuvaa mavazi ya Kihindi jukwaani. Filamu zilezile, majumba ya sinema tofauti. Ndiyo maana sikio lako linadhani linasikia ndugu.

Cha tatu ni umeme. Wewe wa Tanga hili hutakiwi kufundishwa, kwa sababu Black Star na Lucky Star ndio walioipa taarabu ya mji wenu gitaa na besi za umeme. Indonesia aliyefanya hivyo kwa kishindo ni Rhoma Irama, mzaliwa wa Tasikmalaya, Java Magharibi, aliyeanzisha kundi la Soneta mwaka 1970. Alikuwa msikilizaji wa Deep Purple, kundi la roki la Uingereza, akalichukua gitaa lile lenye mikwaruzo akaliweka juu ya ngoma za orkes Melayu. Jina dangdut lenyewe lilianza kama kejeli miaka hiyo. Wapenzi wa roki walikuwa wakiucheka mlio wa ngoma. Neno lao la dharau ni kampungan, kutoka kampung, kijiji. Kwa Kiswahili cha mjini ungesema mambo ya uswahilini, na waliokuwa wakicheka walikaa gedongan, yaani ushuani. Rhoma akalichukua jina la kejeli akaliimba, na likabaki.

Kitu kimoja kuhusu yeye usikipite, kwa sababu kinaeleza mengi ya usiku wa leo. Mwaka 1973 aliitangaza Soneta kuwa sauti ya Uislamu. Wanamuziki wake walitakiwa waache pombe na waswali, na nyimbo zikabeba mawaidha. Miaka hiyohiyo ulitoka wimbo "Begadang", neno lenye maana ya kukesha, unaowaonya vijana wasikeshe bure bila sababu. Fikiria: mmoja wa nyimbo kubwa za muziki wa mkesha ni wa kukataza mkesha, na watu wanaucheza hadi usiku wa manane. Kisha akaingia kwenye kampeni za chama cha Kiislamu cha PPP mwaka 1977, na televisheni ya taifa, TVRI, ikamfungia mlango kwa takriban miaka kumi. Muziki haukufa. Ulikuwa umeshaingia kwenye kaseti, sinema na harusi, na huko hakuna aliyehitaji kibali cha televisheni.

Sasa tuingie kwenye usiku wenyewe. Ulichokiona kwenye video ni vitu vitatu tofauti vinavyobeba jina moja.

Cha kwanza ni jukwaa la shughuli: harusi, tohara, sherehe za uhuru za tarehe 17 Agosti. Mwenye shughuli anakodi kundi zima, ambalo jina lake huanza na OM, kifupi cha Orkes Melayu, hata kama linachopiga leo kimeenda mbali na orkes ya zamani. Jukwaa linajengwa uwanjani au barabarani, kibali cha mkusanyiko kinaombwa polisi, na waimbaji, wengi wao wanawake, wanapokezana nyimbo chache kila mmoja. Mara nyingi ufunguzi huwa wa heshima, wimbo wa dini au wa taifa, ndipo mambo yakachangamka.

Cha pili ni organ tunggal: mtu mmoja na kinanda chake, mwimbaji au wawili, na spika. Ni dangdut ya mwenye pesa kidogo, na ndiyo inayokufaa wewe kuitazama kwa makini, kwa sababu yule mpiga kinanda anabeba peke yake ngoma, besi na suling. Angalia mkono wake wa kushoto kwenye gurudumu.

Cha tatu ni klabu, nitakifikia.

Kuna jambo la jukwaani litakaloonekana kama la kwenu: saweran. Neno linatoka kwenye mila ya harusi ya Wasunda, wenyeji wa Java Magharibi, ya kuwarushia maharusi sarafu na mchele. Kwenye dangdut imekuwa kutunza. Mtu anapanda na noti zake, mara nyingi rupia 2,000, 5,000 au 10,000, anacheza mbele ya mwimbaji na kumpa moja moja, taratibu, ili wimbo wote uwe wake. Mshereheshaji anataja jina lake kwenye maiki. Mwimbaji anayejua kazi yake anazipokea kwa mkono mmoja bila kukata mstari, anamgeukia mtunzaji kwa nusu beti tu, kisha anarudi kwa watu wote. Tofauti na kwetu ni kwamba huko watunzaji wengi ni wanaume, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia: mkono unaotaka kuweka noti mahali pasipostahili, wawili wanaoshindania wimbo mmoja, mlevi asiyetaka kushuka. Makundi yaliyopangika yanaweka mtu wa kukaa kati ya mwimbaji na watunzaji, na sanduku la kuwekea fedha. Siku hizi kitenzi hichohicho, nyawer, kimehamia hata kwenye kuwatumia fedha wanaotangaza moja kwa moja mtandaoni.

Kucheza kunaitwa joget, na kwa wanaume kuna mtindo utakaoupenda kwa urahisi wake. Dole gumba juu mikono yote miwili, viwiko vimekunjwa, macho nusu yamefumbwa, mwili unakwenda mbele na kurudi kwa dut. Hakuna mashindano. Mtu anaweza kufika peke yake, akacheza peke yake nyimbo sita, akaondoka kwa furaha.

Mwendo wa nyonga ya mwimbaji unaitwa goyang, na kila mwimbaji mkubwa hutafuta wake na kuupa jina. Inul Daratista wa Pasuruan, Java Mashariki, alikuja na ngebor, yaani kutoboa kama keekee. Dewi Persik akaja na msumeno, Zaskia Gotik na bata. Mwaka 2003 Inul aligawa nchi. CD za video za maonyesho yake ya vijijini zilikuwa zimeshasambaa mtaani kabla televisheni haijamwita, na alipoitwa, Rhoma Irama alimshutumu hadharani na wanazuoni wakaingia kati. Mjadala huo ulichangia hoja zilizozaa sheria ya kupinga ponografia ya mwaka 2008. Wewe unaikumbuka ngoma ya baikoko na maneno yake pale Tanga, kwa hiyo hali hiyo huhitaji kuelezwa. Kwa maoni yangu Inul alionewa. Goyang kali ilikuwepo vijijini miaka mingi. Kosa lake lilikuwa kuipeleka sebuleni kwa watu wa ushuani.

Alichokuwa akiimbia Inul kinaitwa koplo, na video nyingi unazozitazama ni koplo. Ilikulia Java Mashariki miaka ya 1990. Jina ni la mtaani, kutokana na vidonge vya kulevya vya bei nafuu. Kimuziki, mpiga ngoma anaongeza mapigo mengi ndani ya nafasi ileile na kuchota mbinu za ngoma za kienyeji, hasa za jaipongan, ngoma ya kuchezwa ya Wasunda. Dut inaacha kukaa kwenye moja tu, inarukia na sehemu zisizotarajiwa. Juu yake kuna kelele za kuchombeza ambazo wanamuziki hupiga kwa mdomo, "hak-e, hak-e", "joss", kila moja na mahali pake. Makundi kama Monata, Sera na New Pallapa ndiyo shule yake. Nakuonya kwa nia njema: usijifunze ngoma kwa koplo. Ni kama kujifunza kuandika kwa kuiga saini ya mtu. Nenda kwanza kwenye nyimbo za Rhoma na za mwimbaji wa kike Elvy Sukaesih za miaka ya 1970, ambako dang na dut zimekaa wazi, ndipo upande.

Vijana wa mijini wameurudia muziki huu kwa mlango ambao wazazi wao hawakuutarajia: kilio cha mapenzi kwa Kijava. Didi Kempot wa Surakarta alikuwa ameimba miaka 30 nyimbo za campursari, mchanganyiko wa gamelan (okestra ya gongo ya Java), kroncong (muziki wa gitaa ndogo) na dangdut, zenye vituo vya treni, bandari na watu walioahidi kurudi wasirudi. Mwaka 2019 wanafunzi wa vyuo walimgundua upya. Wakajiita Sobat Ambyar, marafiki waliovunjika vipande, wakamtawaza baba wa waliovunjika moyo, na walikuwa wakiimba naye kila neno huku machozi yakiwatoka na miguu ikicheza koplo. Alifariki tarehe 5 Mei 2020, akiwa kwenye kilele hicho. Denny Caknan wa Ngawi na wengine wakaendelea pale alipoachia. Hata Ikulu imecheza: tarehe 17 Agosti 2022 mtoto wa miaka 12, Farel Prayoga wa Banyuwangi, aliimba wimbo wa Kijava mbele ya Rais Joko Widodo, na mawaziri wakainuka. Miaka minne kabla, Via Vallen, aliyetoka kwenye majukwaa ya koplo, alikuwa ameimba kwenye ufunguzi wa Michezo ya Asia pale Jakarta.

Baada ya onyesho, vijana wa Yogyakarta na Solo, yaani Surakarta, hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanakaa angkringan, mkokoteni wenye turubai na taa hafifu, unaouza vifurushi vidogo vya wali kwenye jani, mishikaki ya mayai ya kware na utumbo, na chai tamu. Karibu na stesheni ya Tugu utakuta kahawa inayotumbukizwa kaa la moto likilia chwaaa ndani ya glasi. Kukaa hivyo kunaitwa nongkrong, na kwa wengi ndiyo nusu ya usiku. Gharama yake ni ndogo. Mwanafunzi asiye na kitu anakaa saa tatu kwa glasi moja.

Klabu ni habari nyingine. Maeneo ya Kota, kaskazini mwa Jakarta, yalizaa funkot, muziki wa mashine unaochanganya hausi na dangdut kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika na kupanda. Nasaba yake na singeli utaihisi haraka, kwani zote mbili ni muziki wa mtaa wenye haraka uliokatwakatwa kutoka kwenye muziki wa wazee. Singeli ilichota taarabu, funkot ilichota dangdut. Klabu zile zilibeba pia sifa ya dawa za kulevya, na kubwa mojawapo, Stadium, ilifungwa na serikali ya jiji mwaka 2014. Kizazi cha sasa kimeutoa mlio ule kwenye vyumba vya giza na kuuleta kwenye matamasha: Feel Koplo wa Bandung na Prontaxan wa Yogyakarta hupigia vijana waliosoma, waliovaa viatu vya bei, ambao miaka 20 iliyopita wangeona aibu kukiri kuwa wanaijua dangdut.

Kwa ukumbi wako, basi. Usianze na kasi. Saa ya kwanza piga dangdut ya zamani, mwendo wa kati, watu waizoee dut. Wengi watajikuta wanaicheza kama taarabu, na waache. Saa ya pili weka nyimbo za majonzi zilizotiwa koplo. Kasi ya funkot iwe dakika 30 za mwisho, na hapo DJ wa singeli anaweza kukupokea bila watu kusikia mshono. Waandaaji wanaoanza na kasi huishiwa na pa kupanda ifikapo saa tano, na ukumbi unabaki na wanaume wanaogongana mbele ya jukwaa. Kugongana huko ndiko kunakoanzisha ngumi, huko Java kama kwetu. Makundi ya huko yanajua la kufanya: muziki unakatwa pale pale, taa zinawaka, mshereheshaji anaongea kwa sauti ya chini mpaka watulie. Usiendelee kupiga ukidhani wimbo utawapoza.

Utunzaji uwekee utaratibu kabla ya siku yenyewe na uwaambie waimbaji: noti mkononi au kwenye sanduku, wanaopanda wasizidi wawili kwa mara moja. Majirani nao wahesabu. Java Mashariki wameingia kwenye ugomvi mkubwa juu ya sound horeg, minara ya spika inayozunguka vijiji kwenye malori hadi madirisha yanatetemeka, na Julai 2025 baraza la maulamaa la jimbo hilo lilitoa fatwa dhidi ya matumizi yake yanayodhuru watu. Ukikumbuka jinsi vigodoro, ngoma zetu za kukesha mtaani, vilivyoishia, utajua kwa nini nakwambia ugeuze spika zitazame ndani.

Na pombe za kuchanganywa, oplosan, zisikaribie mlango wako. Aprili 2018 zaidi ya watu 80 walikufa Java Magharibi na Jakarta kwa pombe haramu, na kisa ni kilekile cha gongo mbaya: methanoli. Hatari yake ni kwamba mtu analala vizuri, anaamka kesho yake anaona ukungu machoni, tumbo linamuuma na anahema kwa shida. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama anasema ni uchovu.

La mwisho, kwa kuwa umegusia kutia maneno ya Kiswahili. Nyimbo za Kimalay zimelelewa na pantun, beti ya mistari minne, kila mmoja silabi 8 hadi 12, vina vikipishana; mistari miwili ya kwanza huchora picha, miwili ya mwisho ndiyo inayosema. Shairi letu la mizani 16 likikatwa kipandeni linakupa mizani 8, na hiyo inakaa vizuri kwenye mizunguko miwili ya dang na dut. Weka kipande cha ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, iachie filimbi mzunguko mzima, kisha weka utao, nusu ya pili. Ukibana vipande vyote viwili pamoja, suling haina pa kujibia na mwimbaji hana pa kuvutia pumzi. Jaribu na beti moja ya zamani mnayoijua nyote kikundini, kwa mwendo wa 80, kabla hamjaandika mpya.